Pimbi Aliyeomba Kukohoa

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata mimi na upara wangu huu hatukuwapo, palikuwa na chemchemi katikati ya bonde la mianzi. Nimetembea nchi nyingi, wanangu, nimekunywa maji ya bomba, ya kisima na ya dumu, na tumbo langu limenilaumu kote nilikopita. Lakini maji ya chemchemi ile, wasemavyo walioyanywa, yalikuwa baridi mpaka meno yanagongana.

Mwenye amri juu ya chemchemi alikuwa Kiboko. Asili yake haikuwa pale. Babu yake alitoka mtoni, akaliona dimbwi, akajitupa ndani, chubwi! Maji yakaruka mpaka nyumbani kwa watu, na aliyelalamika alikaliwa.

Jamaa za Tembo, ambao nao walikuwa wakinywa pale, wakaja kupigana naye. Wakapigana mpaka maji yakawa uji wa tope. Mshindi hakunywa, mshindwa hakunywa. Mwishowe wakubwa wakapatana: Kiboko na wanawe washike chemchemi mpaka mianzi itoe maua, kisha wamkabidhi Tembo.

Sasa mianzi, wanangu, si mchicha. Hukaa vizazi na vizazi bila hata ua moja. Halafu msimu ukifika huchanua yote kwa pamoja, ikafa yote kwa pamoja. Kiboko yule wa kwanza alipoambiwa "mpaka maua," alicheka hadi maji yakamtoka puani.

Na kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake, wakaweka mila ya jani. Jambo lolote la chemchemi lisemwe barazani, ndani ya ua wa mkutano kando ya dimbwi. Kisha Korongo, mwenye miguu mirefu na uso usiocheka, aweke jani la mwanzi majini, kwenye jiwe la juu. Jani lielee taratibu mpaka jiwe la chini. Likifika na baraza liko kimya tii, jambo limepita. Ikisikika sauti ya baraza, sauti yoyote, jambo halikupita, jani lirudi mwanzo.

"Bila jani hakuna neno!" wakaapa. "Tembo akiingia bila jani, viboko wote wa mtoni watamtokea. Kiboko akiondoka bila jani, tembo wote watamzibia njia."

Na wadogo je? Kanga, Kindi, Kobe, Pimbi na wenzao? Aa, nani aliwauliza! Wao walikaa nje ya ua. Huko nje waliimba, walilia, walitukana, na sauti zao hazikuhesabiwa. Na kunywa walikunywa mwisho, Kiboko akishaoga.

Basi juu ya mawe yaliyozunguka dimbwi aliishi Bi Pimbi. Mdogo, mviringo, mkia hana, ana meno mawili mbele na maneno mengi nyuma yake. Alikaa katika ufa mmoja wa jiwe na wanawe, Kokoto na Changarawe.

Asubuhi moja alikuwa juani anajianika, kama kawaida ya pimbi, mara akaona kitu kwenye ncha ya mwanzi. Akafikicha macho. Ua!

Kabla hajamwita mtu, akasikia ndi! ndi! ndi! Jiwe likatikisika. Kokoto akamkumbatia Changarawe. Chini yao walikuwa wanakuja Tembo na Kiboko, wamefuatana kama wakwe.

"Mawe haya yamelibana dimbwi," Tembo akasema, akiyagonga kwa mkonga. "Nikishika kiti, nayasukuma yote. Mtu mzima anaogaje miguu ameikunja kama yuko kwenye beseni?"

"Sukuma tu, mwenzangu," akajibu Kiboko. "Mimi nitakuwa nimeshakwenda zangu mtoni."

"Hayana wenyewe?"

"Ni mawe tu. Yana wapangaji wadogo wadogo."

Wapangaji! Bi Pimbi akasimama wima. Bibi wa bibi yake alizaliwa katika ufa ule kabla kiboko yeyote hajajua kama kuna njia ya kuja huku.

"Hodi, wazee!" akapiga kelele. "Na sisi wapangaji tutakwenda wapi?"

Tembo akageuka huku, akageuka kule. "Nani kasema?"

"Upepo," akasema Kiboko.

"Si upepo! Ni mimi, huku juu!"

"Upepo wa huku una kelele kweli," Tembo akasema, na wote wawili wakaenda zao.

Bi Pimbi akabaki amesimama, nywele za mgongo zimemsimama pia. "Haya," akasema. "Upepo. Tutaona."

Tangu siku ile Kiboko akageuka. Akawa mpole, akawa mtamu, mtu wa salamu ndefu. Mtawala akikaribia kuondoka huingiwa na huruma ya ghafla, kama mgeni anayeosha kikombe chake siku ya kuaga. Alitaka akumbukwe vizuri, na tena alitaka Tembo akute kazi.

Akawaita wadogo wote. "Ndugu zangu! Nimewapenda siku zote."

Kanga nusura apaliwe na punje ya mtama.

"Nataka mageuzi," Kiboko akaendelea. "Lakini mageuzi si moto wa kichaka. Ni hatua kwa hatua. Kuanzia leo, wadogo mtakaa ndani ya ua!"

Jani likaelea, likapita. Wakaingia. Wakakaa. Wakatazamana.

"Sasa tunaweza kusema?" Kindi akauliza.

"Kusema!" Kiboko akashika kifua. "Ndiyo kwanza mnajifunza kukaa!"

Mvua ikaja, ikaenda. Maua ya mianzi yakaongezeka. Kiboko akatangaza hatua ya pili, kwa sauti ya mtu anayegawa shamba. "Mtaruhusiwa kutikisa kichwa!"

"Kushoto na kulia?" akauliza Bi Pimbi.

"Juu na chini. Kushoto na kulia bado. Shingo zenu hazijakomaa."

Wadogo wakarudi maweni kwa Bi Pimbi, wakaanza kubishana, kila mtu na lake.

"Tushukuru jamani!" Kanga akasema. "Jana tulikuwa nje, leo tumo ndani."

"Wewe shukuru," Kindi akasema. "Mimi nitamng'ata sikio."

"Hatua ya pili imetangazwa?" Kobe akauliza, akihema. "Mimi bado niko njiani kwenda uani. Nilianza kutembea walipotangaza ile ya kwanza."

Wakacheka, kwi kwi kwi! Lakini Bi Pimbi hakucheka. Unga wa maua ya mianzi ulikuwa unapeperuka, ukamwingia kooni. "Kho!" akakohoa. Akakohoa tena, mara hii kwa makusudi, kama mtu anayeonja chumvi. "Kho."

"Shoga, unaumwa?" Kanga akauliza.

"Napona, mwenzangu. Kesho nakwenda kwa bwana mkubwa kuomba hatua ya tatu."

"Usiombe kusema! Atatukalia!"

"Siombi kusema. Naomba kukohoa."

Wakamtazama wote. Kindi akamgusa paji la uso aone kama ana homa.

Kesho yake Bi Pimbi akasimama barazani. Kwa kuwa kusema kulikuwa bado hakujaruhusiwa, alisimama kwenye mstari wa ua, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, na mdomo akauelekeza nje.

"Bwana mkubwa," akasema kwa unyenyekevu uliotiwa asali, "maua haya yanatuwasha koo. Tukijizuia, tunavimba macho. Tunaomba ruhusa ndogo tu ya kukohoa."

Kiboko akacheka mpaka mashavu yakapigana. "Kukohoa! Nyati, umesikia? Wenzao duniani wanaomba ardhi, hawa wanaomba kikohozi!"

Nyati, mshauri wake mwenye kofia, akacheka kwa kuwa ndiyo kazi aliyoajiriwa.

"Ila, bwana mkubwa," Bi Pimbi akaongeza, "kihesabiwe kikohozi cha baraza, si cha njiani. Siku ya makabidhiano Mzee Tembo akija, asikie kwa masikio yake yale mapana: wadogo wa Kiboko wana sauti! Sifa zako zitafika mtoni kabla yako."

Kiboko akafumba macho, akaziona sifa zake zikiogelea mbele yake. "Imekubaliwa! Korongo, weka jani!"

Korongo akainua shingo. "Nihakikishe. Kikohozi cha wadogo ni sauti ya baraza?"

"Ndiyo, ndiyo! Weka!"

Korongo akaweka jani kwenye jiwe la juu. Likaelea, likaelea. Baraza kimya tii. Kanga alijifunika mdomo kwa bawa. Jani likagusa jiwe la chini.

"Limepita!" akatangaza Korongo.

"Kho," akasema Bi Pimbi, kwa adabu, na akakaa.

Hatimaye mianzi yote ikachanua. Bonde likawa la rangi ya majani makavu, unga wa maua hewani kama siku ya kupepeta. Siku ya makabidhiano ikafika, jua la utosi.

Kiboko alivikwa taji la maua, akasimama nchi kavu. Ndiyo mila: anayekabidhi hasimami ndani ya anachokabidhi. Na anayepokea hanywi mpaka amepokea. Basi Tembo naye akasimama upande wa pili na kiu yake, mkonga ukinusa maji kama mtoto anusavyo biriani la harusi ya watu.

Wakahutubia. Kiboko alijisifu, Tembo akamsifu Kiboko kwa kuondoka. Walisema mpaka nzi wakachoka. Ngozi ya Kiboko ikaanza kukauka na kutoa jasho jekundu.

Korongo akasimama. "Je, baraza limekubali kwamba chemchemi, na mawe yake, na vyote vilivyomo, vitoke kwa Kiboko viende kwa Tembo avifanye apendavyo?"

Akaweka jani. Kimya. Hata upepo wenyewe ulisimama. Jani likafika katikati.

"Kho!"

Vichwa vikageuka. Bi Pimbi akajifuta mdomo. "Maua haya, wazee. Yananiwasha."

Korongo akaliokota jani. "Sauti ya baraza. Halikupita."

"Amekohoa tu huyo!" Tembo akanguruma.

"Kikohozi cha wadogo ni sauti ya baraza," Korongo akasema. "Lilipita jani. Mila ni mila, mzee."

Jani likarudi mwanzo. Likaelea. "Kho!" Huyo Kindi. Likarudi tena. Safari hii Kanga, macho ameyafumba, hajui anakwenda wapi ila anajua hawezi kurudi: "Kho-kho-kho-kekekeee!" Mpaka mwenyewe akashtuka.

"Watoeni nje!" akafoka Tembo.

"Kuwatoa uani ni jambo la chemchemi," Korongo akasema. "Nitaweka jani."

Akaweka. "Kho!"

"Basi kifutwe hicho kikohozi!"

"Nalo ni jambo la chemchemi." Akaweka jani.

Jani likaelea. Robo ya njia, kimya. Nusu, kimya. Wadogo walikuwa wamekaukiwa koo kwa kukohoa, wanatazamana, nani sasa? Kindi akafungua mdomo, pakatoka pumzi tupu. Jani likakaribia jiwe la chini. Tembo akaanza kutabasamu.

Pale nyuma kabisa, Kobe, ambaye alianza kukohoa tangu jani la kwanza, akafika.

"K... kh... khoooo."

"Halikupita!" akasema Korongo.

Wadogo wakapiga vigelegele. Tembo akaja, ndi! ndi! ndi!, akasimama mbele ya Bi Pimbi. Akainua mguu. Kivuli cha mguu kikamfunika yeye, na Kokoto, na Changarawe.

"Wewe kidudu! Nikikukanyaga je?"

Bi Pimbi aliwasogeza wanawe nyuma yake. Kidevu akakiweka juu.

"Kanyaga, mzee. Kikohozi changu cha mwisho utakisikia kwenye unyayo. Na wenzangu bado wapo."

"Usithubutu!" Si Pimbi aliyepiga kelele, ni Kiboko. "Ukimwaga damu barazani bila jani, ndugu zangu wote watatoka mtoni, vita vitaanza, na mimi njia ya kwenda nyumbani sina! Ngozi hii inapasuka! Teremsha mguu, bwana wee!"

Tembo akaganda. Jua likawaka. Maji yakamwita. Mguu ukashuka taratibu, pembeni.

Kiboko akamwendea Bi Pimbi, jasho jekundu linamchuruzika mpaka kwenye taji. "Dada yangu. Mpenzi dada yangu. Unataka nini?"

Leo dada! Jana alikuwa upepo.

"Mvua ijayo," Kiboko akasema, "mtaruhusiwa kunong'ona."

"Kho!"

"Basi kutikisa kichwa kushoto na kulia! Leo leo!"

"Kho! Kho!"

"Kusema nusu! Mtu anaanza neno, mkubwa anamalizia!"

Baraza zima la wadogo likajibu, "Kho-kho-khooo!" Milima ikarudisha.

Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe. Mara hii mdomo hakuuelekeza nje.

"Sikilizeni, wakubwa. Mmepatana ninyi kwa ninyi mara ya kwanza, mkaja kupatana mara ya pili, na mara zote sisi tulikuwa humu humu bondeni, tunawasikia. Chemchemi hii si kibuyu cha kupokezana juu ya vichwa vyetu. Tunataka kusema neno zima, kuanzia leo, si mvua ijayo. Mawe yetu yasiguswe. Tunywe pamoja nanyi, maji yakiwa bado maji. Na ndani ya ua hatutoki, kiti awe amekikalia Kiboko, Tembo au nani. Hayo yakiwekwa juu ya jani, tutanyamaza. Yasipowekwa, maua bado yapo."

"Na mimi nitabaki na nini?" Tembo akauliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye kiu.

"Kiti, mzee. Kikubwa, kizuri. Kikalie."

"Nimengoja vizazi kwa ajili ya siku hii!"

"Sisi pia, mzee. Ila sisi tulingojea nje ya ua."

Tembo akatazama maji. Akatazama mawe. Akamtazama yule kiumbe asiye na mkia, asiyefika hata kwenye ukucha wake. Akashusha pumzi, puuu, kofia ya Nyati ikaruka.

"Weka," akasema.

Korongo akayasema yote, ya kiti cha Tembo na ya wadogo, neno kwa neno, akaliweka jani.

Likaelea. Na hapo ndipo, wanangu, Bi Pimbi alipoingiwa na unga wa maua kooni. Si wa kusingizia, wa kweli. Koo likaanza kumcheza. Machozi yakamjaa. Akikohoa sasa, ameharibu mwenyewe alichokipigania, na nani ajue kama Tembo atakubali mara ya pili?

Jani likakwama kwenye povu la maua. Likazunguka. Likazunguka tena. Bi Pimbi akajing'ata mkono. Kokoto akambana pua, Changarawe akamwekea kiganja mdomoni. Kanga akawa anamwombea kwa macho. Kimya kilikuwa kile kile cha siku zote, lakini leo kilikuwa na wenyewe. Walikuwa wamekishika wote kama watu waliobeba chungu kilichojaa.

Povu likapasuka, pu. Jani likajinasua, likaelea, likagusa jiwe la chini.

"Limepita!"

"KHOOO!" Bi Pimbi akakohoa mpaka akaanguka chali, na bonde zima likaangua kicheko.

Kiboko hakungoja kuaga. Chubwi! Alikuwa ameshajitupa majini na taji lake.

"Toka!" Tembo akafoka kutoka kitini. "Toka kwenye maji yangu!"

"Yetu," akasema Bi Pimbi, akijikung'uta vumbi. "Mwache aloe kidogo, njia ni ndefu. Kisha atoke."

Lilikuwa neno lake zima la kwanza tangu jani lipite, na hakuna aliyeliita upepo. Lilisikika.

Tembo akainama, akamnong'oneza, "Kesho nitaita baraza lingine. Haya yote nitayafuta. Moja moja. Hatua kwa hatua."

"Ita, mzee wangu. Asubuhi au jioni, utakavyo," Bi Pimbi akajibu, akajaza kibuyu chake maji safi penye jiwe la juu, mbele ya macho ya Tembo. "Utatukuta tumeshakaa."

Akapanda mawe yake na wanawe, anacheka, anakohoa, anacheka.

Na mimi jani langu limegusa jiwe la chini, wanangu, nendeni mkalale na neno hili: ukipewa haki ndogo kama kikohozi, usiudharau udogo wake, kohoa mpaka wakusikie.